Kobe Mkubwa Nyumbani: Uko Tayari kwa Ndoa ya Miaka 50?

Habweki, harukii makochi, wala hakuamshi usiku. Lakini anakula kila siku, anasukuma ukuta kama katapila, na huenda akakuzika wewe mwenyewe. Kabla hujamleta kwako Nyegezi, soma hapa kwanza.

Wapo watu wa mbwa, wapo watu wa paka, na wapo wale ambao roho zao zimemwangukia kobe. Siyo kale kadogo ka kuweka kwenye beseni, hapana. Tunasema lile dude lenye gamba kama sufuria ya shughuli, linalokatiza uani asubuhi taratibu kama mwenye nyumba anayekagua mali zake. Ukimwangalia dakika kumi tu, mawazo ya kazini yote kwisha. Si bure mtaani wanasema ukiona kobe kainama, ujue anatunga sheria.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunampata kobe kwanza, kujiandaa baadaye. Watoto wamemkuta karibu na majaruba baada ya mvua, au jamaa kamwokota barabarani akitokea Misungwi. Kaingizwa kwenye buti, kafika mjini, kafungiwa stoo, kapewa ugali. Miezi miwili anaonekana mzima. Mwaka wa pili gamba limeota vichuguu, macho yamevimba, na hakuna anayejua kaanza kuumwa lini, maana kobe hapigi kelele. Anakufa kimya kimya kama alivyoishi.

Sasa basi, ushauri wetu ni mmoja, na mengine yote yanatokana na huo: maandalizi ya kobe yaanze mwaka mzima kabla kobe mwenyewe hajafika.

Unamzungumzia kobe yupi?

Kobe mkubwa wa nchi kavu wa kwetu bara ni yule mwenye gamba la mviringo lililojaa madoa ya njano na meusi, ambaye wataalamu humwita kobe chui kwa sababu ya mabaka yake. Mtu mzima wa kawaida hufikia kama sentimita 40 kwa urefu na kilo 13 hivi, ila wapo wachache waliopita kilo 40. Huyo ni mzito kuliko mfuko wa mchele wa kilo 25. Umri wake? Miaka 50 ni ya kawaida kabisa, na wengine husonga mbele zaidi.

Yupo mwingine ambaye sisi watu wa Mwanza tunapaswa kumjua kwa jina: kobe bapa, mdogo, gamba lake jembamba na linabonyea kidogo, mwili wote umelala kama chapati. Akiona hatari hajifungii ndani ya gamba kama wenzake, anakimbia na kujibana kwenye ufa wa jiwe. Na unajua alitambulishwa kwa ulimwengu wa sayansi kutokea wapi? Hapa hapa kwetu. Mtaalamu Friedrich Siebenrock alimwelezea mwaka 1903 kutokana na kobe wa Busisi, ng'ambo ya lile daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025. Leo kobe bapa yuko hatarini kutoweka kwa sababu ya kukamatwa na kuuzwa nje. Mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ulimpandisha kwenye orodha yake kali kuliko zote. Ukimkuta kwenye mawe, mwache kwenye mawe yake.

Halafu kuna kobe wa maji, wale wa kwenye madimbwi na kingo za ziwa. Miguu yao ni bapa, ina kucha ndefu na utando wa kuogelea. Kobe wa nchi kavu ana miguu minene kama ya tembo, na huyo hakuumbwa kwa kuogelea. Kuna watu wenye huruma zao humchukua na kumtupa ziwani wakidhani wamemrudisha kwao. Anaweza kuzama.

Posa kwanza, mapenzi baadaye

Hapa ndipo wengi hawataki kusikia, lakini tuseme ukweli. Kobe ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori wote Tanzania ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Kumwokota porini na kumfuga bila kibali ni kosa, hata kama ulimpa jina zuri na unampenda kuliko shemeji yako. Kumnunua kwa kijana aliyemning'iniza barabarani ni mbaya zaidi, maana kesho atakwenda kutafuta mwingine.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kumwona si fundi wa kujenga banda. Ni Ofisa Wanyamapori wa halmashauri yako, au ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Waulize waziwazi: ufugaji wa aina gani unaruhusiwa, eneo langu linafaa, na kobe atatoka wapi kihalali? Ndiyo, kuna ufugaji unaotambulika wa bustani, mashamba na ranchi za wanyamapori, na una masharti yake. Wakisema eneo lako halifai, kubali. Ni kama kukataliwa posa: inauma, lakini ni afadhali kuliko kutorosha binti wa watu.

Je, kama kobe tayari yuko nyumbani, kaachwa na marehemu babu au mpangaji aliyehama? Usimpeleke usiku kumwaga porini. Kobe aliyekaa na watu anaweza kubeba magonjwa na kuyapeleka kwa wenzake wa porini. Nenda kaeleze, upewe utaratibu. Na ukimkuta kobe anavuka barabara, simama pembeni salama, mvushe upande ule ule aliokuwa anaelekea, basi. Hajapotea. Ana safari yake.

Somo kutoka Changuu

Kama unadhani kobe mkubwa hawezi kuibwa, sikia haya ya Zanzibar. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alileta zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra, wakawekwa kisiwa cha Changuu. Hawa ndio majitu yenyewe, madume yao yanaweza kupita kilo 200. Wakazaana vizuri, na kufikia mwaka 1955 walikuwa kama 200. Kisha wezi wakaingia kazini, wakiwauza kwa wafugaji wa nje na wengine kwa ajili ya nyama. Mwaka 1996 walibaki saba. Saba tu! Ilibidi Serikali ya Zanzibar ishirikiane na watetezi wa wanyama wa kimataifa kuwajengea uzio wa maana na kuwalinda, ndipo idadi ikapanda tena. Leo ukienda pale unapewa majani uwalishe kwa mkono wako.

Majitu yale yalipungua kisiwani, kwenye bahari pande zote. Sembuse kwako ambako geti linafungwa kwa kamba?

Mjengo wake

Mwanza tuna bahati mbili. Ya kwanza ni hali ya hewa: joto la kutosha, jua la kutosha, na kobe anahitaji jua ili mwili wake utengeneze vitamini D na gamba liwe gumu. Ya pili ni mawe. Ukuta wa kobe wala hauhitaji matofali ya bei mbaya.

Jenga ukuta wa mawe wa nusu mita kwenda juu, na msingi ushuke sentimita 30 chini ya ardhi, maana kobe anachimba. Ukuta uwe mzima, usiwe wa waya. Kobe akiona upande wa pili anaamini anaweza kupita, atasukuma hapo hapo kutwa nzima mpaka ajichubue. Asipoona kitu, anageuka na kuendelea na maisha yake. (Laiti na sisi tungekuwa hivyo kwenye mambo ya mapenzi!)

Eneo la mita tano kwa tano ni la kuanzia tu, kubwa zaidi ndiyo bora. Ndani yake kuwe na sehemu ya jua kali, sehemu ya kivuli cha mti, na udongo mkavu. Ondoa mawe yenye miinuko mikali, kwani wengi wetu viwanja vyetu viko mlimani. Kobe akianguka chali juani na asiweze kujigeuza, anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Usiku alale kwenye kibanda kidogo kisichovuja, sakafu imeinuka, kuna nyasi kavu. Baridi kidogo anavumilia. Baridi ikiungana na unyevu, kama zile wiki za masika, ndipo nimonia inapoingia. Kibanda pia kinamlinda na siafu na mbwa. Mbwa ndiye adui namba moja wa kobe wa nyumbani: hata yule mpole, siku akibaki peke yake naye, anamtafuna miguu kama mfupa.

Na tafadhali, usimtoboe gamba ili umfunge kamba. Gamba ni mfupa ulio hai, lina damu na hisia. Usilipake rangi pia. Si gari hilo.

Tuje kwenye msosi

Hapa ndipo kobe wengi wa mjini wanapouawa kwa upendo. Tumbo la kobe wa madoa limeumbwa kwa chakula kigumu, chenye nyuzi nyingi na protini kidogo. Porini anachunga kama ng'ombe mdogo. Basi kwako pia achunge.

Msingi wa sahani yake uwe nyasi. Ukoka ndio mfalme, panda mwingi. Kiangazi ukikauka, nyasi kavu safi zinafaa, zinyunyizie maji kidogo zilainike. Juu ya hapo mchanganyie majani: matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, mlonge. Ongeza mpungate, ile mimea ya jangwani yenye vipande bapa kama viganja. Choma miiba kwanza, katakata, mpe. Ina maji na kalsiamu, na kiangazi haikuangushi. Maua ya hibiskasi ndiyo peremende yake.

Kiasi gani? Kwa kuanzia, kila siku mpe rundo la majani linalolingana na ukubwa wa gamba lake, mbali na nyasi anazochunga mwenyewe. Weka asubuhi, jua likishaanza kumpasha moto. Kobe aliyepoa halisagi tumbo lake.

Kwa ajili ya gamba na mifupa, mnyunyizie chokaa ya mifugo kidogo, ile ile wanayonunua wafuga kuku kwenye maduka ya pembejeo. Au kausha maganda ya mayai yaliyochemshwa, twanga yawe unga, weka kijiko mara mbili kwa wiki.

Vyakula vya kupiga marufuku

Ugali, wali, mkate, biskuti, pumba. Wanga haumsaidii, unachachuka tumboni.

Dagaa, furu, nyama, chakula cha mbwa. Tunajua Mwanza dagaa hazikosekani, na kobe akipewa atakula. Lakini protini nyingi inachosha figo zake na inachangia gamba kuota vichuguu vichuguu.

Maziwa. Hajanyonya tangu azaliwe, atayafanyia nini?

Parachichi na majani yake, na kisamvu kibichi, ambacho kina sumu.

Matunda matamu si sumu ila ni mtego. Kipande kidogo cha papai mara mojamoja sawa, lakini embe kila siku zitamharisha. Mchicha na kabichi pia viwe vya kuonja, visiwe mlo wa kila siku. Mchicha una kitu kinachozuia mwili kupata kalsiamu vizuri.

Angalizo moja la mjini: usikate nyasi kandokando ya barabara kuu wala karibu na jalala. Kobe hachagui, anameza vipande vya mfuko wa plastiki vinaziba utumbo. Na mboga za genge zioshe, kwa sababu hujui zilipigwa dawa gani jana.

Maji na afya

Zika karai pana ardhini, kingo zilingane na udongo, maji yasizidi usawa wa kidevu chake. Atakunywa humo, ataoga humo, na atajisaidia humo. Kwa hiyo badilisha kila siku.

Usimnyanyue ovyo ili wageni wapige picha. Kobe akishtuka anamwaga mkojo, na huo mkojo ni akiba yake ya maji. Kiangazi, akiba hiyo ndiyo uhai wake.

Mpime uzito kila mwezi kwenye mizani ya dukani, andika kwenye daftari. Uzito ukishuka miezi miwili mfululizo, kuna jambo. Kamasi puani, macho kuvimba, mdomo wazi wakati wa kupumua, kutokula siku kadhaa: mwite daktari wa mifugo. Na hapa sikiliza vizuri sana. Mwambie daktari au muuza dawa kwamba asimchome wala kumnywesha ivamektini, ile dawa ya minyoo na wadudu inayotumika sana kwa ng'ombe na mbuzi. Kwa kobe ni sumu, inampooza na kumuua. Kobe wa mtu anaweza kufa mikononi mwa mtu mwenye nia njema kabisa.

Baada ya kumshika, nawa kwa sabuni. Kobe wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila wao kuumwa. Watoto chini ya miaka mitano wamwangalie tu, wasimbusu.

Wewe, laazizi wako na kobe

Hebu jiulize maswali ambayo hata kwenye mambo ya ndoa huwa tunayakwepa.

Mwenzako anasemaje? Kama yeye anamwona kobe ni mkosi, usidhani ataizoea ukishamleta. Zungumzeni kabla. Na wapo majirani watakaonong'ona kwamba umefuga uchawi. Dawa yake ni uwazi: kibali chako kiwepo, watoto wa mtaa waje wamwone anakula matembele mchana kweupe.

Je, umepanga au ni kwako? Mwanafunzi wa SAUT pale Malimbe anamaliza shahada miaka mitatu, anafunga begi anaondoka. Kobe hamalizi. Mwenye nyumba akikupa notisi ya mwezi mmoja, huyo wa kilo 13 na ukuta wake wa mawe anakwenda wapi?

Unategemea akupende? Kobe hatatingisha mkia. Atakujua kwa hatua zako na kwa saa ya chakula, atakufuata polepole mpaka kwenye karai, na hiyo ndiyo barua yake ya mapenzi. Wengi mtakumbuka Mzee, yule kobe wa Aldabra wa Haller Park, Mombasa, aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 130. Desemba 2004, baada ya tsunami, aliletewa mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi, akaitwa Owen. Mwanzoni Mzee hakutaka hata kumwona, akawa anamkimbia. Owen hakuchoka kumfuata. Baadaye wakawa wanakula na kulala pamoja, dunia nzima ikawazimia. Kwa kobe, uvumilivu ndio mahari.

Swali la mwisho ndilo zito: nani atamrithi? Jonathan, kobe wa kisiwa cha St Helena, alikadiriwa kutimiza miaka 190 mwaka 2022. Magavana wamekuja na kuondoka, yeye yupo. Wa kwako hatafika huko, ila akija ukiwa na miaka 35, kuna uwezekano mkubwa atakuwepo siku ya arobaini yako. Mtaje mrithi wake sasa, na kibali kimtambue. Mkiachana na mwenzako pia, mjue mapema kobe anabaki kwa nani. Jibu la haki ni rahisi: anabaki kwenye ukuta wake, na anayebaki naye ndiye anayemlisha.

Mtihani wa kiangazi

Hivi ndivyo tunavyoshauri. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikianza, jenga ukuta na panda ukoka, matembele, mlonge na mpungate. Usilete kobe. Mwagilia, palilia, badilisha maji ya karai kila siku kama vile kuna mtu ndani. Masika yapite. Kisha kuanzia Juni mpaka Septemba, wakati Nyegezi nzima imekauka na vumbi liko mpaka kwenye chai, angalia bustani yako.

Kama bado ina kijani cha kulisha mnyama mmoja kila siku, umefaulu. Peleka picha za eneo lako TAWA, ukaombe kwa kujiamini. Kama imekufa, usijilaumu. Umepoteza matembele tu, na hakuna kiumbe kilichokufa njaa uani kwako.

Wakati unasubiri, panda boti pale Capri Point, nenda Saanane. Kisiwa kile kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kobe wapo. Mchukue na mwenzako. Kaeni kwenye jiwe mumtazame mmoja akila jani moja kwa dakika tano. Mkiboreka, mmejua mapema. Mkijikuta hamtaki kuondoka, basi mkirudi nyumbani chukueni jembe.